Unaanza kuchomelea nyumbani? Nunua kinga ya macho na ngozi kabla ya stiki

Wengi tunaanza hivi, mtu anapata hela ananunua ile invata, mashine ndogo ya kuchomelea ya kubeba begani, inayobaki inaenda kwenye grainda ya kusaga chuma na stiki, zile fito za kuchomelea, afu machoni anavaa miwani ya jua ya kununua stendi. Mi mwenyewe nilianza hivohivo kwa hiyo simcheki mtu. Nilikuwa nashikiza nguzo za banda la kuku hapa Nzuguni, Dodoma, nukta kama kumi tu za kushikiza, nikasema haya ya kuvaa helmeti ya nini, nafumba macho. Mchana wote nilikuwa mzima. Saa nane usiku nikaamka kama vile kuna mtu kanimwagia mchanga machoni, machozi hayakatiki, taa ikiwashwa napiga kelele, na mke wangu anauliza kwani umelia nini.

Lile jambo lina jina la kidaktari ila mafundi wanasema tu "kapigwa na moto". Mwanga wa arki, yaani ule moto wa umeme kwenye ncha ya stiki, unatoa mionzi ya urujuanimno, ileile ya jua ila hapa iko karibu na kali zaidi, inaunguza ngozi nyororo ya juu ya jicho, na maumivu yanachelewa kama saa 6 hadi 12. Ndo maana mtu anarudia tena na tena, kwa sababu akichomelea asubuhi haoni kosa mpaka amelala.

Sasa angalia, mimi sikuumizwa na kazi ndefu, niliumizwa na zile nukta ndogo za kushikiza. Kwa hiyo ukichagua kinga usijiulize ipi ni bora, jiulize ipi hutaivua ukiwa na haraka. Ngao ya kushika mkononi ni bei nafuu na inakinga vizuri tu, ila inakula mkono mmoja, na wewe unayejifunza unahitaji huo mkono kushika chuma, utaiweka chini. Helmeti ya kioo cheusi cha kudumu nayo unaivuta kwa kutikisa kichwa afu huoni stiki iko wapi, unagusa pasipo, unakasirika unainua. Kwa anayeanza mi nasema jikaze ununue ya kujizima yenyewe, ile ambayo kioo unaona kawaida na arki ikiwaka kinageuka giza kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Kwenye kioo chake utaona maandishi kama 4/9-13. Hiyo 4 ni giza lake ikiwa imepumzika, na 9 hadi 13 ni pale unaporekebisha ikiwaka. Kwa kazi zetu za geti na madirisha, stiki ya unene wa milimita 2.5 kwenye ampea (kipimo cha umeme kwenye mashine) 60 mpaka 90, weka 10. Ukipanda stiki ya 3.2 na ampea zaidi ya 120 unaweza kwenda 11. Ukiona doa la kijani linakufuata baada ya kuinua helmeti, ongeza namba. Usiponunua ya kujizima, kile kioo cha kudumu kiwe na namba iliyochapwa, kisichokuwa na namba kiache. Kuna watu wanasema we angalia tu kama ni cheusi, hapana, weusi peke yake haumaanishi kinachuja mionzi, na jicho likiwa gizani mboni inapanuka, kama kioo hakichuji ndo umefungulia mlango.

Dukani ijaribu. Washa kibiriti cha gesi mbele ya sensa, kile kijicho cha helmeti kinachohisi mwanga, mara nyingi inashtuka na kuwa nyeusi, isiposhtuka ongeza kitufe cha usikivu, isiposhtuka kabisa rudisha. Uliza betri yake inabadilishwaje, maana zingine ile sola ya juu haitoshi, betri ikifa imekufa. Na ukiiweka kwenye ile swichi ya kugrainda, kioo hakigeuki tena giza, mtu anagrainda afu anasahau kurudisha, anawasha stiki, tusilaumu helmeti hapo.

Dodoma kuna kitu kimoja ambacho hata vitabu havikwambii, jua la huku. Ukichomelea nje ukiwa umelipa jua mgongo, mwanga unaingia nyuma ya helmeti unapiga ndani ya kioo, huoni kitu. Geuka, au ning'iniza kipande cha ngozi au shuka nzito ya pamba nyuma ya shingo. Mimi mwezi wa kumi na wa kumi na moja naanza saa kumi na mbili asubuhi, saa nne nimefunga, huko mbele ukiwa na koti la ngozi utapikwa.

Chini ya helmeti vaa miwani myeupe ya usalama yenye pembeni pamezibwa. Watu wengi macho yanaharibiwa na slagi, lile ganda linalobaki juu ya sehemu uliyochomelea, unainua helmeti unagonga kwa nyundo na kile kiganda kinaruka cha moto. Grainda ndo usiseme.

Ngozi. Kuna imani kwamba mtu mweusi haungui na mwanga. Chomelea wiki moja na shati la shingo wazi utaona kifuani pembetatu nyeusi inayobabuka. Nenda mtumba ununue shati zito la mikono mirefu na suruali ya jinsi, ila kabla hujalipa angalia kitambaa, vuta uzi mmoja wa ndani uuwashe. Pamba inaungua kama karatasi inaacha majivu laini. Nailoni inajikunja inakuwa kidonge kigumu, na hicho kidonge ndo kitashikamana na ngozi yako. Jinsi iliyochanika miguuni hapana, zile nyuzi zinashika cheche. Suruali iteremke nje ya buti, sio ndani, ukichomeka ndani umetengeneza mfuko wa kupokelea cheche. Mfuko wa shati usiwe na kibiriti. Na yeboyebo, jamani, ziacheni mlangoni.

Glovu ziwe za ngozi ndefu za kupita kifundo, sio zile za bustani zenye mpira viganjani. Nunua pea mbili kama unaweza, maana kwa joto hili zinalowa jasho, na glovu iliyolowa inapitisha umeme, unabadilisha nyingine inakauka. Usizitumie kushikia chuma cha moto, tumia koleo, ngozi ikiungua inasinyaa na kukakamaa.

Halafu watoto. Nyumba zetu ua ni mmoja, mwanga unagonga ukuta mweupe na bati unarudi. Mtoto wa jirani amekaa kwenye ndoo anashangaa, kesho analia macho. Mimi nimesimamisha bati kuukuu nililolipaka rangi nyeusi isiyong'aa, na nikiwasha napiga kelele "macho!" wanajua.

Ukishapigwa na moto, jirani atakuletea kiazi au maziwa. Usiweke. Kaa gizani, kitambaa cha maji baridi juu ya macho yaliyofungwa, dawa ya maumivu ya kawaida, usisugue, mara nyingi siku moja au mbili limeisha. Zile dawa za kuganzisha macho usinunue duka la dawa ukajidondoshea, zinatuliza kweli ila zinachelewesha jicho kupona. Na kama linauma jicho moja tu, huenda sio mwanga, kuna kipande cha chuma humo ndani, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, usisubiri kesho.