Kulala Firenze bila kuvunja kibubu: soma anwani kabla ya bei

Saa nne na nusu usiku, Novemba, mimi na shangazi yangu tulikuwa tumesimama mbele ya duka la skafu lililofungwa, hatua chache kutoka soko la San Lorenzo, mjini Firenze, Italia (ndiyo Florence ya Waingereza). Juu ya mlango kulikuwa na kibao kidogo: 38. Karatasi yangu ya hoteli nayo ilisema 38. Nikagonga lile shata la chuma mpaka mkono ukauma. Shangazi akaketi juu ya sanduku lake, akanitazama kwa jicho la "si ulisema unajua?"

Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa. Akanyoosha kidole kwenye kibao: "Rosso." Kisha akaelekeza mkono mbele kabisa ya mtaa: "Nero."

Nyekundu na nyeusi, basi. Mitaa mingi ya katikati ya Firenze ina namba za aina mbili. Nyekundu ni za maduka, mikahawa na biashara nyingine. Nyeusi au buluu ni za makazi, na hoteli nyingi ziko upande huo. Kila aina inahesabiwa kivyake, kwa hiyo 38 nyekundu inaweza kuwa mbali kabisa na 38 nyeusi ya mtaa uleule. Kwenye maandishi, nyekundu hufuatwa na herufi r, yaani 38r. Ukiona anwani haina r, tafuta kibao cheusi au cha buluu.

Tulifika. Tukakuta ngazi 74 na hakuna lifti, na shangazi yangu ana goti bovu.

Tangu usiku ule nimerudi Firenze mara mbili (nashona mikoba, na ngozi ya kule huwa inaniita), na kila safari nimelala kwa bei ndogo kuliko ile ya kwanza. Siri yenyewe ni ndogo. Watu hufungua simu, wanapanga vyumba kuanzia cha bei ya chini, wanabonyeza cha kwanza. Mimi nasoma anwani kwanza, bei baadaye. Rahisi huvunja upishi, na Firenze huuvunja kwa ngazi, kwa kodi na kwa treni ya mwisho iliyokuacha.

Tuanze na ngazi, maana ndizo zilizotuumiza. Waitaliano hawahesabu ghorofa ya chini. Hiyo ni "piano terra". "Primo piano" ni ya kwanza juu yake, na majumba ya kale yana dari ndefu, mengine yana kaghorofa kadogo katikati ambako hakahesabiwi. "Terzo piano" ya kwenye tangazo inaweza kuwa ya nne au ya tano kwa miguu yako. Maneno ya kutafuta ni "ascensore", yaani lifti, na "senza ascensore", yaani usiote. Kama goti lako ni zima na begi ni la mgongoni, hapo ndipo penye nafuu yako: chumba cha juu kabisa kisicho na lifti mara nyingi ndicho cha bei ya chini kuliko vyote katika jengo. Ila Julai na Agosti kiepuke kama hakina kiyoyozi. Paa la vigae likishachomwa na jua mchana kutwa, usiku hulali, unaokwa.

Sasa mitaa. Firenze ya kale ni ndogo. Kutoka stesheni kuu, Santa Maria Novella, mpaka kanisa kuu lenye lile kuba la msanifu Brunelleschi ni kama dakika kumi kwa miguu, na daraja la Ponte Vecchio si mbali zaidi ya hapo. Kwa hiyo ukilala katikati hulipi nauli hata senti.

Upande wa Via Faenza na Via Nazionale, karibu na stesheni, ndiko kwenye hoteli nyingi za nyota moja na mbili. Nyingine zimebanana katika jumba moja: hoteli hii ghorofa ya kwanza, ile ya pili, nyingine juu yake, na mlangoni kuna safu ya vitufe vya kengele kama kibodi. Soma jina kabla ya kubonyeza. Vyumba ni vidogo, na vingi vina "bagno in comune", yaani choo na bafu la pamoja nje ya chumba. Mimi sijali, na naokoa hela nzuri. Chumba kinachotazama mtaa wa soko la San Lorenzo, lakini, kina saa yake ya kukuamsha: alfajiri wachuuzi wanasukuma vibanda vyao vya magurudumu juu ya mawe, gurugurugu, na jioni wanavirudisha. Omba chumba cha upande wa uani.

Ng'ambo ya mto Arno, sehemu inayoitwa Oltrarno, ndiko moyo wangu uliko. San Frediano na mitaa ya mafundi kuna utulivu, ila uwanja wa Santo Spirito usiku umejaa vijana na chupa, na maeneo ya Via de' Benci karibu na Santa Croce ni hivyohivyo. Kama unalala mapema, pita hapo mchana tu.

Nje ya katikati, angalia reli kabla ya kilomita. Campo di Marte na Rifredi zina stesheni zao, na treni za kwenda Santa Maria Novella huchukua dakika chache. Novoli iko kwenye tramu ya T2, ileile inayotoka uwanja wa ndege wa Peretola. Scandicci iko kwenye T1, ambayo mwisho wake ni Villa Costanza. Kutoka huko mpaka stesheni kuu ni dakika ishirini na kitu. Tiketi niliyonunua ilikuwa euro 1.70 na inatumika dakika 90. Nyumba iliyo kilomita mbili kutoka tramu, hata iwe na bustani na mizeituni, itakutoa machozi usiku wa mvua.

Prato nimelala mara moja na sijutii. Ni mji wa jirani unaojitegemea, una kanisa kuu lenye michoro ya mchoraji Filippo Lippi, na vyumba vyake vilikuwa nafuu siku ambazo Firenze ilikuwa haishikiki. Ukienda, shuka Prato Porta al Serraglio, ndiyo stesheni iliyo karibu na mji wa kale. Prato Centrale iko mbali kidogo. Nauli ya treni ya "regionale", yaani ya mkoa, haipandi hata ukinunua dakika ya mwisho. Tiketi ya karatasi igonge kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo utapigwa faini ukiwa na tiketi mkononi. Na ukisikia neno "sciopero", ni mgomo: siku za kazi treni zinazohakikishwa ni za saa 12 mpaka saa 3 asubuhi, na saa 12 jioni mpaka saa 3 usiku. Panga mzunguko wako humo.

Safari ya pili nililala kwa masista, na hapa nitakaa kidogo, maana wengi wetu hatujui kama inawezekana. Firenze ina nyumba kadhaa za watawa zinazopokea wageni wa dini yoyote, zikiitwa "casa per ferie" au "istituto". Waprotestanti wa Kivaldo nao wana "foresteria", yaani nyumba ya wageni, yao Via de' Serragli, ng'ambo ya mto. Usitegemee anasa: kitanda chembamba, shuka zinazonukia sabuni, msalaba ukutani, meza ya kuandikia. Usafi wake sijauona kwenye hoteli za bei mara mbili. Tulilipa euro 74 kwa wawili, kifungua kinywa kikiwemo. Sharti lake ni mlango. Kwetu ulifungwa saa 5 usiku (wataandika 23:00, usije ukasoma vingine), na sista mwenye funguo hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Nyumba nyingine haziko kabisa kwenye programu za simu. Unaandika barua pepe, na ukiandika Kiitaliano, hata cha kuokoteza, majibu huja upesi. Yangu ilikuwa hii:

"Buongiorno, siamo due donne, zia e nipote. Avreste una camera doppia dal 12 al 15 novembre? C'è l'ascensore? Il bagno è in camera? A che ora chiude il portone? Grazie."

Yaani: sisi ni wanawake wawili, shangazi na mpwa wake, mna chumba cha vitanda viwili kuanzia tarehe 12 hadi 15 Novemba, kuna lifti, bafu limo chumbani, lango linafungwa saa ngapi. Badilisha tarehe na watu, itume hivyohivyo. Chunga jambo moja: "doppia" kwa kawaida ni vitanda viwili, "matrimoniale" ni kimoja kikubwa. Shangazi alinisisitizia hilo mwenyewe.

Kuhusu majira: Novemba, kisha Januari baada ya sikukuu mpaka Februari, ndipo bei hulala. Lakini Januari hiyohiyo, na tena Juni, kuna Pitti Uomo, maonyesho ya mavazi ya wanaume pale Fortezza da Basso, jirani na stesheni. Wiki hizo chumba kilekile nilichokilalia Novemba kilidai zaidi ya mara mbili. Pasaka ni hivyohivyo. Kabla ya kukata tiketi ya ndege, angalia tarehe za Pitti.

Baridi nayo ina sheria zake. Firenze vipasha joto vya majengo huruhusiwa kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 15 Aprili, na si kutwa nzima. Ukilala mwishoni mwa Oktoba katika jumba la mawe la miaka mia tano, beba soksi nzito, wala usigombane na mwenye nyumba. Faraja ni kwamba kanuni ya Italia ya mwaka 1975 inataka nyumba ya kuishi iwe na bideti, lile beseni la kujisafishia kwa maji baada ya choo. Sisi tuliozoea maji tunajua thamani yake.

Halafu kuna kodi ya utalii, "imposta di soggiorno". Hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, hadi usiku saba mfululizo, na watoto chini ya miaka 12 hawalipi. Mara nyingi haimo kwenye bei unayoiona. Katika hoteli ya nyota mbili tulilipa euro 4.50 kila mmoja. Wawili, usiku tatu, ni euro 27 ambazo sikuwa nimezipangia. Ndiyo maana nalinganisha jumla na si bei ya usiku mmoja: chumba, kodi, ada ya usafi kama ni nyumba ya kupanga, na tramu ya kwenda na kurudi. Mara mbili nimekuta chumba cha Scandicci "cha bei poa" kimezidiwa na cha masista katikati ya mji.

Wizi. Safari ya tatu kidogo niingie. Nyumba nzuri, roshani inatazama kuba, bei ya kutupa, na mwenyewe anataka nimtumie hela benki "ili tukwepe ada". Nikamwuliza namba ya CIN. Kimya mpaka leo. CIN ni namba ya taifa ya kila malazi ya wageni Italia. Tangu tarehe 1 Januari 2025 ni lazima iwekwe kwenye tangazo na kwenye mlango wa jengo. Huanza na IT, kisha tarakimu sita za manispaa. Za Firenze ni 048017. Hapo unapata faida mbili: asiye na namba unaachana naye, na anayedai yuko Firenze huku tarakimu zikiwa nyingine, ujue yuko kijiji cha jirani.

Pasipoti utaombwa kila mahali, usishtuke; mwenye malazi analazimika kupeleka taarifa zako polisi. Hata ukilala bure kwa rafiki, sheria inamtaka mwenyeji atoe taarifa kwa maandishi ndani ya saa 48 kwamba amempokea mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya. Mkumbushe kwa upole, wenyeji wengi husahau, na faini ni yake.

Hosteli sina mengi ya kusema. Kitanda cha bweni nililipa euro 28, jiko lilikuwa safi, na msichana wa kitanda cha juu alikuwa akipanga mifuko ya plastiki saa tisa za usiku. Jiko lile lilinifaa: asubuhi nilikwenda soko la Sant'Ambrogio, nikarudi na nyanya, maharage meupe na mkate wa Toscana, ambao hauna chumvi kabisa, usidhani wamesahau.

Siku ya kuondoka, chumba hurudishwa asubuhi, kwingi saa 4 au 5, na pengine treni yako ni jioni. Hoteli na masista walitushikia mizigo bila malipo. Nyumba za kupanga mara nyingi hawana pa kuiweka, na utaishia kulipia stesheni kwenye dirisha lililoandikwa "deposito bagagli". Uliza siku ya kuingia, kabla hujafungua sanduku.