Trela kuukuu la farasi au punda: kulifikisha barabarani ukiwa Malindi

Trela la kubebea wanyama linaloletwa sokoni liking'aa rangi mpya ni la kutiliwa shaka kuliko lenye kutu ya wazi. Rangi hufunika vitu vitatu ambavyo mnunuzi lazima avione: nambari ya chesisi, chuma kilicholiwa chini ya sakafu, na viungo vya nyaya. Tanguliza brashi ya waya na bisibisi, pesa zifuate.

Nambari kwanza, maana bila hiyo kazi nyingine zote ni bure. Kenya trela husajiliwa peke yake, si kwa jina la gari linalolivuta. Lina kitabu chake cha usajili na bamba lake linaloanza na herufi Z. Nambari ya chesisi huwa kwenye kibao kilichopigwa ribiti katika mkono wa mbele, au imegongwa kwenye chuma chenyewe karibu na kikombe cha kuungia. Kibao kikiwa kimeng'oka, safisha chuma polepole kwa brashi na tambara lenye dizeli. Grainda iweke mbali: alama za kugonga hazina kina, na chuma kilichosagwa mahali pa nambari kitamfanya mkaguzi afikirie wizi. Laza karatasi nyembamba juu yake, usugue kwa ubavu wa penseli. Tarakimu ambazo jicho halizioni mara nyingi hutokeza hapo.

Ukishaipata, tafuta rekodi yake kupitia huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kulipa. Ikiwa trela limesajiliwa ila kitabu kimepotea, aliyeandikwa kuwa mwenyewe ndiye anayepiga ripoti polisi, kuomba nakala, kisha kukuhamishia. Muuzaji akikwambia "hayo utamaliza wewe mwenyewe," mwache nalo. Likiwa lilitoka ng'ambo na halijawahi kusajiliwa, dai karatasi za forodha usiache hata moja. Na kama nambari haipo kabisa, lipa bei ya chuma chakavu, uchukue ekseli na mlango. Fundi akijitolea kukugongea nambari mpya, hilo ni kosa la jinai, si msaada.

Sasa ingia chini. Mkojo wa farasi na punda hupenya kwenye mishono ya mipira ya sakafuni na kukaa hapo, kwa hiyo mbao huozea upande usioonekana. Toa mipira yote. Choma mbao kwa bisibisi kila sentimita kumi, juu na chini, ukikazia pembe na mahali miguu ya nyuma inaposimama. Ikizama zaidi ya milimita tatu au nne, ubao huo hauko salama; badilisha sakafu nzima, kwa kuwa kiraka huoza pembeni mwake. Sakafu ya alumini nayo huliwa: tazama unga mweupe na vitobo vidogo. Mbao ngumu za unene wa milimita 38, kama mvule au mbambakofi, zinafaa. Mafundi wa majahazi wa Lamu wanazijua vizuri, na ushauri wao juu ya kupaka mafuta pande zote sita, hata kwenye ncha zilizokatwa, ufuate. Acha upenyo wa milimita tano kati ya mbao ili maji yatoke. Funga kwa bolti za mabati zenye washa pana. Msumari utapanda juu na kumchoma mnyama kwato.

Mbao zikiwa nje, gonga mihimili ya chuma kwa nyundo. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti ya debe. Trela lililofanya kazi karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni au Marereni likague mara mbili.

Breki za matrela haya huendeshwa na msukumo: gari likipunguza mwendo, trela linasukuma mkono wa mbele, nao unavuta nyaya. Mkono ukikauka grisi, breki hazishiki au haziachi. Inua kila gurudumu, lizungushe kwa mbele, vuta hendibreki. Yote yagande sawasawa. Waya uliooza ndani ya mfuniko wake badilisha, usiupake mafuta. Waya wa dharura, unaovuta breki trela likichomoka, ufungwe kwenye chuma cha gari, kamwe usizungushwe kwenye tufe la kuungia. Na ukiegesha kwa wiki kadhaa, weka magogo kwenye magurudumu uachie hendibreki, la sivyo hewa ya bahari itagandisha viatu vya breki kwenye ngoma.

Tairi za trela hufa kwa uzee kabla ya kuisha meno. Soma tarakimu nne ubavuni: 3418 maana yake wiki ya 34 ya mwaka 2018. Zikipita miaka sita au saba, toa. Beringi zioshe, zitie grisi mpya, na kwa safari ya kwanza nenda Gede na kurudi, trela likiwa tupu. Ukifika, gusa kila kitovu kwa mgongo wa mkono. Kimoja kikiwa moto kuliko wenzake, breki inasugua au beringi imekwisha. Nati za magurudumu zikaze tena baada ya kilomita 50.

Taa zikififia ukikanyaga breki, au indiketa ikiwasha taa ya pembeni, usinunue taa mpya. Ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye gari. Vuta waya wake mnene moja kwa moja kutoka pini ya tatu ya plagi ya pini saba hadi kila taa, usitegemee chesisi yenye kutu.

Hapo ndipo ulipeleke kwenye ukaguzi wa NTSA, upate bima inayotaja trela, na upake rangi ukitaka.

Ukimbeba punda, shusha chuma cha kifuani. Cha farasi kitamkaba koo. Akiwa mmoja, msimamishe upande wa kulia, kwa kuwa barabara zetu huinamia kushoto. Funga kwanza chuma cha nyuma yake, ndipo umfunge kichwa, na kamba ipite kwenye kitanzi cha uzi wa mkonge unaoweza kukatika, isishike pete ya chuma moja kwa moja. Kushusha ni kinyume: fungua kichwa kwanza. Wa kwenda kisiwani Lamu atashukia Mokowe, gati la upande wa bara, kwa hiyo mlango wa nyuma ujaribiwe mapema. Gatini si mahali pa kugundua kwamba bawaba imeshika kutu.