Kuandika historia ya kijiji cha mlimani: majina kwanza, miaka baadaye

Wengi wanaotaka kuandika historia ya kijiji chao huku Moshi huanza kwa kumuuliza babu, "Kijiji kilianza mwaka gani?" Babu wa watu atataja mwaka wowote ili usiondoke mikono mitupu. Muulize majina.

Chora ramani kwenye karatasi kubwa: mfongo mkuu, yaani mfereji wa jadi wa maji, michepuko yake, njia za zamani, kanisa, mahali pa soko. Kwa kila kihamba, yaani shamba la ukoo lenye makazi, andika ukoo unaokaa sasa na uliokuwapo kabla. Mfongo una mengi ya kusema, maana mara nyingi huitwa kwa jina la ukoo uliouchimba. Uliza pia nani alikuwa na haki ya kwanza ya maji. Usiwaruke bibi: aliyeolewa kutoka upande wa pili wa mto anajua habari za vijiji viwili. Kwenye daftari, ukurasa wa kushoto uwe wa maneno ya msimulizi kama alivyoyasema, wa kulia uwe wa hesabu zako. Ukivichanganya, baada ya miezi mitatu hutajua kipi ni chake na kipi ni chako.

Halafu kuna tahajia, na hapa ndipo wengi hukwama. Wajerumani waliandika Moschi, Madschame na Dschagga, kwa kuwa "sch" kwao ni "sh" na "dsch" ni "j". Ukitafuta "Machame" peke yake kwenye karatasi zao utarudi bure. Tatizo hili si letu tu. Sámuel Teleki, Mhungari aliyejaribu kupanda Kilimanjaro mwaka 1887 akaishia karibu mita 5,300, alizaliwa mwaka 1845 katika kijiji cha Sáromberk, huko Transilvania. Baada ya mkataba wa Trianon wa 1920 eneo hilo likawa la Romania, na kwenye ramani ya leo kijiji kinaandikwa Dumbrăvioara. Hata jina la mtu hubadilika: József wa Kihungari huwa Josephus kwenye kitabu cha ubatizo cha Kilatini na Iosif kwa Kiromania. Asiyejua hayo atahesabu watu watatu. Kwa hiyo tengeneza orodha ya kila jina na tahajia zake zote kabla ya kufungua kitabu chochote.

Kwenye vitabu vya ubatizo vya Kijerumani, "geb." ni kuzaliwa na "get." ni kubatizwa, kwenye vya Kilatini ni "natus" na "baptizatus". Kosa la kawaida ni kuchukua tarehe ya ubatizo kama ya kuzaliwa. Wengi wa waumini wa mwanzo walibatizwa wakiwa watu wazima, basi kosa hilo humpunguzia mtu miaka 20 au zaidi. Linganisha na makaburi yaliyomo kihambani, ukijua kwamba jiwe la saruji huenda liliwekwa miaka mingi baada ya mazishi.

Sasa ndipo ufunge miaka, kwa matukio yanayojulikana: kunyongwa kwa Mangi (mtawala) Meli wa Moshi, Machi 1900, reli kufika Moshi, 1911, Waingereza kuingia, 1916, KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kuundwa, 1933, Uhuru, Desemba 1961, Azimio la Arusha, Februari 1967, vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Bibi akisema, "Uhuru ulinikuta darasa la tatu," mkadirie miaka 9 hadi 12 wakati huo, yaani alizaliwa kati ya 1949 na 1952. Andika hivyo hivyo, "kati ya". Usiandike 1950 ili tu ipendeze. Kwa vizazi visivyo na tukio, hesabu miaka 25 hadi 30 kila kimoja, na ukipita vizazi vinne usitaje mwaka kabisa.

Jambo la ardhi lina moto. Mtu akianza kukuonyesha masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, kwenye mpaka unaogombaniwa, funga daftari. Maandishi yako yakiishia baraza la kata, hakuna atakayekusimulia tena. Jitambulishe mapema kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, na rasimu isomwe kwa sauti mbele ya wazee wa koo zote kabla ya kuchapishwa, siku isiyo ya soko, maana siku ya soko nusu yao hawatakuwapo.