Nyumba Moja, Mita Moja: Jinsi ya Kutengeneza Filamu ya Wahusika Wengi Dodoma kwa Bajeti Ndogo

Ukimwambia mtu filamu yako ina wahusika wanane na wote ni wahusika wakuu, anawaza gharama. Kwa uzoefu wangu, filamu ya nyota mmoja ndiyo hatari zaidi kwa mwenye mfuko mdogo. Nyota akiugua au akiitwa kazini, kazi inalala. Ukiwa na visa vinane vinavyopishana, asiyekuwepo leo unamruka na kurekodi sini za jirani yake. Sharti ni moja: mahali na ratiba za watu zijulikane kabla ya skripti kuandikwa.

Hatua ya 1: Tafuta nyumba

Hadithi itakuja yenyewe. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini watumishi walianza kumiminika kwa wingi baada ya tangazo la 2016. Leo kwenye mitaa kama Chang'ombe au Nkuhungu unaweza kumkuta karani aliyetoka Dar es Salaam amepanga ukuta kwa ukuta na mama wa Kigogo, fundi wa Kirangi kutoka Kondoa, Mnyaturu muuza alizeti na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Tafuta nyumba ya wapangaji yenye uwanja mmoja, choo cha pamoja, bomba moja na mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ambao wote huuchangia.

Hiyo mita ndiyo kisa chako. Nani ana friji? Nani anapiga pasi usiku wenzake wakiwa wamelala? Nani anasema "nitachangia kesho" tangu Jumatatu? Aliyewahi kupanga hahitaji kuelezwa chochote hapo.

Anza kuzungumza na mwenye nyumba, kisha mwenyekiti wa mtaa, kisha wapangaji wenyewe. Ukiruka mmoja, siku ya kurekodi atatokea mlangoni akiuliza nani amewaruhusu.

Hatua ya 2: Hadithi ianze alfajiri, iishe usiku wa siku hiyo hiyo

Hadithi ya siku moja ina maana kila mwigizaji anahitaji nguo aina moja tu. Hata kama mtarekodi kwa wiki kadhaa, mtazamaji ataona siku moja. Nguo hizo zikae kwako, usimwachie mtu aondoke nazo. Na wakubaliane mapema kwamba hakuna kusuka upya wala kunyoa mpaka kazi iishe. Binti akiingia chumbani na mabutu na kutoka na rasta, umepoteza sini mbili.

Msimu nao ni sehemu ya hadithi. Mvua hapa huanza kati ya Novemba na Desemba na kukoma Aprili. Februari vilima ni kijani, Agosti vyote ni rangi ya udongo. Ukianza mwezi mmoja na kumalizia miezi mitatu baadaye, siku yako moja itakuwa na misimu miwili. Mimi napenda Mei: mvua imekwisha, upepo mkali wa katikati ya mwaka haujashika kasi.

Hatua ya 3: Andika kwa kufuata ratiba

Chora jedwali. Safu za kushuka ziwe vyumba na sehemu za nyumba, za kulala ziwe majina ya wahusika. Weka alama pale mtu anapoonekana. Kisha panga ili kila mwigizaji aitwe siku mbili, tatu zikizidi. Mtumishi wa ofisi mpe Jumamosi, mama lishe mpe alasiri akishamaliza wateja. Sini ya watu wote uwanjani iwe moja tu, na iwe Jumapili baada ya ibada.

Kuhusu makabila, kuwa mkali na kalamu yako. Mchaga mwenye duka bahili na Mmasai mlinzi tumewaona vya kutosha. Jaribu kubadilisha: bahili awe mwanafunzi, mlinzi awe ndiye anayekopesha wote. Utani uache, maana watu wa huku hutaniana kweli, ila uandikwe na anayeujua. Mama wa Kigogo akisema "mbukwenyi" uwanjani, asikike kama mtu anayewasalimu majirani zake, asionekane anaonyesha utamaduni. Na ukitaka mhusika Msandawe, tafuta Msandawe. Lugha ile ina sauti za kidoko, na anayeigiza kidoko huchekesha pasipotakiwa.

Hatua ya 4: Vibali

Bodi ya Filamu inafanya kazi chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 1976. Utahitaji kibali kabla ya kurekodi, na filamu itakaguliwa kabla ya kuonyeshwa hadharani. Droni ina kibali chake tofauti. Kila mwigizaji asaini ridhaa, na kwa mtoto asaini mzazi.

Hatua ya 5: Picha

Simu nzuri na tripodi vinatosha. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Ukienda tofauti, baadhi ya taa zitapepesa kwenye picha. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri jua linakaa juu ya kichwa na macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Saa hizo rekodi ndani au barazani, na shuka nyeupe mkononi mwa mtu irudishe mwanga usoni. Nje rudi saa 10. Jua linazama kama saa 12 na nusu, kwa hiyo usipoteze muda kwenye chai.

Hatua ya 6: Sauti, na hapa usifanye ubahili

Pesa ikiwepo ya kununua kitu kimoja, nunua maiki ndogo ya kubana shatini na kifuniko chake cha manyoya. Upepo wa Dodoma hauna huruma. Kila chumba rekodi ukimya wake kwa nusu dakika, wote mkiwa mmenyamaza, utakuja kuziba nao mikato.

Kisha rekodi peke yake adhana, honi ya treni, bodaboda ikipita, mvumo wa friji. Hizi ndizo zinazoshona visa vyako. Karani anavaa viatu, adhana inaanza. Kata uende kwa mama anayepepea jiko, adhana inaendelea. Kata uende kwa fundi, inamalizikia kwake. Bila neno hata moja, mtazamaji ameelewa kwamba watu hawa wako kwenye dakika ile ile. Umeme ukikatika, friji inyamaze vyumba vyote kwa mpigo mmoja, halafu sikiliza kila chumba kinalaumu nani.

Hatua ya 7: Chakula

Bajeti ianze na sufuria. Watu wanaojitolea huvumilia posho ndogo kama wameiona mapema kwenye karatasi, njaa hawaivumilii.

Hatua ya 8: Uhariri

Hariri kila mhusika peke yake kwanza, kama filamu fupi. Ambaye kisa chake hakisimami, mpunguze. Baada ya hapo ndipo uvichanganye, ukihakikisha hakuna mhusika anayepotea zaidi ya dakika kumi. Waonyeshe wapangaji toleo hilo kabla ya kulifunga, ukiwa na daftari. Watakuambia nani hapiki hivyo, na lafudhi gani ni ya uongo. Sahihisha, hifadhi nakala kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti, ndipo uipeleke Bodi.