SOMO: The Witcher 3 toleo la 4 kwenye PC ya kawaida (soma mpaka chini kabla ya kuuliza)

Wakuu, swali la "nimeapdeti Witcher 3, mbona gemu imekuwa nzito?" nimelijibu inbox mpaka nimechoka. Nalijibu hapa mara moja. Atakayekuja tena inbox namrudisha kwenye uzi huu.

Kwanza elewa kilichofanyika. Gemu ilitoka Mei 2015, na injini yake, REDengine 3, ilijengwa kwa DirectX 11 (DX11), njia ambayo gemu huitumia kuiamuru kadi ya grafiki. Tarehe 14 Desemba 2022 CD Projekt Red wakatoa toleo la 4, bure kwa kila aliyekuwa nayo: rei tresingi (mwanga na vivuli vinavyofuata miale kama halisi), DLSS na FSR 2 (mbinu za kuongeza kasi ya picha), pamoja na tekscha za HD Reworked ambazo zamani tulizipachika wenyewe kama modi, yaani nyongeza za mashabiki. Rei tresingi inataka DirectX 12. Injini haikuandikwa upya. Amewekwa mkalimani katikati, faili la d3d11on12.dll, anayepokea amri za 11 na kuzigeuza ziwe za 12. Mkalimani huyo anakula prosesa. Ndiyo maana ukiingia mji wa Novigrad penye msongamano wa watu, hata mwenye kadi ya maana anaona FPS (picha kwa sekunde) zinaporomoka.

Kwa kifupi, folda moja ina gemu mbili: bin\x64 ni DX11, bin\x64_dx12 ni DX12.

1. Apdeti draiva ya kadi ya grafiki.

2. Acha nafasi ya kutosha kwenye diski. SSD kama unayo.

3. NAKILI SEVU ZAKO. Hapa ndipo nilipoumia. Mimi niliapdeti, nikacheza wiki mbili visiwa vya Skellige, nikachoshwa na kuganda, nikaamua kurudi toleo la 1.32, lile la mwisho kabla ya la 4. Gemu ikafunguka vizuri kabisa, ila sevu zote za zile wiki mbili ikazikataa. Sevu ya zamani inapanda kwenye toleo jipya, ya toleo jipya haishuki kwenye la zamani. Baya zaidi, sikuwa nimenakili hata zile za mwanzo, na nilikuwa nimeshazifuta ili orodha isijae. Kwa hiyo: nenda Documents\The Witcher 3, chukua folda nzima ya gamesaves, weka kwenye flashi. Folda nzima, siyo sevu ya mwisho peke yake. Na usiseme "zipo Steam Cloud". Cloud inafuata kilichopo kwenye mashine: ukifuta huku, na kule zinafutika.

4. Toa modi za zamani. Modi ya skripti iliyoandikwa kwa 1.32 itakuletea kosa la skripti kabla hata menyu haijafunguka. Futa folda ya mods. Kwenye folda ya dlc kuwa na adabu: ep1 ni Hearts of Stone, bob ni Blood and Wine, nyongeza rasmi za gemu, hizo ni mali yako halali. Toa ulichoweka mwenyewe tu. Kuverifai mafaili Steam hakukusaidii hapa, maana haifuti faili isilolijua.

5. Kwenye REDlauncher (dirisha linalofunguka kabla ya gemu) chagua DX11 kama kadi yako si ya rei tresingi. Tekscha mpya na misheni mpya unazipata vilevile. Unachokosa ni rei tresingi, DLSS na FSR.

6. Ukishikilia DX12, zima rei tresingi kwanza, pima, ndipo uongeze kimoja kimoja.

7. Kurudi nyuma: Steam, Properties, Betas, chagua lenye 1.32. Ni makumi ya GB, jipange na bando.

MASWALI

— Mkuu gemu imekuwa nzito baada ya kuapdeti, nifanyeje?

Hatua ya 5. Umesoma kichwa cha habari tu, si ndiyo?

— Ila kaka wewe unaponda DX12 wakati kwangu inateleza.

Sijaiponda. Una RTX (kadi ya Nvidia yenye rei tresingi) na prosesa mpya, itateleza. Wanaojaa inbox yangu wana laptop za mtumba zenye 1050 Ti, kadi ya zamani isiyo ya rei tresingi.

— Nimefuta folda ya dlc yote. Sasa Toussaint, nchi ya Blood and Wine, haifunguki.

Niliandika "kuwa na adabu". Verifai mafaili, Steam itakushushia upya zile halali. Pole na bando.

— Samahani kiongozi, nimepunguza setingi zote nikiwa DX12, nikahamia DX11 nikakuta ziko juu kama mwanzo. Kwa nini?

Swali zuri hili. Kila upande una faili lake la setingi. Fungua Documents\The Witcher 3 utaona user.settings, hilo la DX11, na dx12user.settings, la DX12. Ukibadilisha huku, kule hakuna habari. Yanafunguka kwa Notepad. Nakili kwanza, kisha chezea utakavyo. Ukiharibu, futa faili, gemu itatengeneza jipya.

— Mimi niko PS4. Rei tresingi inakuja lini?

Haiji, mashine haina uwezo huo. Ila ukihamia PS5, toleo lake ni bure kwa aliyenunua la PS4. Kama yako ni ya diski, usinunue PS5 isiyo na sehemu ya diski.

— Tusio na bando tunafanyaje? Jirani yangu anayo kamili.

Kama nyote mna Steam na gemu mmeinunua, unganeni wifi moja. Steam tangu 2023 inahamisha gemu toka kompyuta hadi kompyuta bila kuishusha upya toka intaneti. Tazama setingi za Downloads, mruhusu jirani, kisha install kawaida.

— Wifi ya kwetu nayo ni kimeo.

Basi tumia diski ya nje. Chukua folda ya gemu iliyo kwenye steamapps\common pamoja na faili la appmanifest_292030.acf lililoko steamapps. Bandika kulekule kwako Steam ikiwa imezimwa. Ukiiwasha itakagua na kushusha kilichopungua tu. Ukisahau hilo faili la acf, Steam haitaiona gemu. Bonyeza install ukielekeza palepale, nayo itayakuta mafaili.