Somo: Kutumia ampu ya mazoezi inayotaka programu, bila simu janja

Ampu (vikuza sauti vya gitaa) nyingi za mazoezi za siku hizi zinauzwa na picha ya simu pembeni yake. Mtu anafungua boksi, anakuta kikaratasi kinamwambia apakue programu kwanza, na kama hana simu janja anaona amenunua kitu nusu. Nimewaona wanafunzi wakiirudisha ampu kwenye boksi kabla hata ya kuchomeka jeki. Somo hili ni lao. Ni la mzazi asiyetaka mtoto ashike simu wakati wa mazoezi, na la anayetumia simu ya vitufe kwa hiari yake.

Programu ni chombo cha kupangia sauti. Gitaa unapiga wewe, na sauti inatoka kwenye ampu. Kazi yote ya programu unaweza kuimaliza kwa saa moja ya simu au kishikwambi cha kuazima: unaijaza ampu sauti zako, unamrudishia mwenyewe simu yake, halafu unapiga mwaka mzima.

Hatua ya 1: Washa, chomeka, sikiliza

Usitafute programu kwanza. Teremsha sauti zote, chomeka gitaa, washa, kisha pandisha polepole. Karibu ampu zote za aina hii zinatoa sauti ya gitaa hapo hapo, kwa sababu mitambo ya sauti imo ndani ya ampu yenyewe. Simu inatuma maagizo tu.

Hatua ya 2: Jua ulichonacho usoni mwa ampu

Hapa ndipo ampu zinapotofautiana sana, kwa hiyo tumia muda.

Kuna zenye nobu kamili, yaani vifundo vya kuzungusha. Positive Grid Spark ya wati 40, kwa mfano, ina nobu ya kuchagua aina saba za ampu, nobu za geini (kiasi cha sauti kupasuka), besi, midi (sauti za kati) na trebo (sauti za juu), za efekti (mapambo ya sauti kama mwangwi), na vitufe vinne vya sauti zilizohifadhiwa. Yamaha THR10II na THR30II zina nobu kama hizo na vitufe vitano vya kumbukumbu. Ukiwa na moja ya hizi, bila simu umeshapata sehemu kubwa ya ampu yako.

Halafu kuna ndogo zilizopunguzwa hadi kwenye mfupa. Spark Mini ina nobu ya sauti ya gitaa, nobu ya sauti ya muziki, na nobu ya kuchagua sauti nne. Geini na trebo hazipo usoni kabisa. Kwa hizi, ile saa moja ya simu ya kuazima si anasa, ni lazima.

Angalia pia nobu za efekti zilizogawanywa vipande. Kwenye THR, nobu moja inabeba efekti za korasi, flenja, feza na tremolo kwa kufuatana. Ukiwa ndani ya kipande cha korasi, kadiri unavyozungusha ndivyo korasi inavyozidi, hadi unapovuka mpaka na kuingia kwenye flenja. Wengi huzungusha haraka, wakasikia makelele, wakaiacha nobu hiyo milele. Izungushe taratibu huku ukipiga kodi moja tu (nyuzi kadhaa kwa pamoja) na kuiacha ilie mpaka mwisho.

Na tyuna ya kulinganishia nyuzi ipo. Kwenye Spark na THR, kitufe cha kupigia tempo ukikishikilia kwa muda kinageuka tyuna.

Hatua ya 3: Elewa tabia ya nobu za kidijitali

Nobu ya ampu ya zamani inasema kweli: ilipo ndipo sauti ilipo. Hapa sivyo. Ukiita sauti ya kitufe cha 3, ampu inasoma kumbukumbu yake na nobu zinabaki zilipokuwa. Geini ya kweli inaweza kuwa ndogo ilhali nobu imeelekea juu kabisa. Ukiigusa kidogo tu, ampu inaanza kuifuata nobu, na sauti inaruka ghafla. Kwa mtu aliyevaa hedifoni huo mruko unaumiza masikio, kwa hiyo ukitaka kurekebisha, teremsha kwanza sauti ya jumla, kisha gusa.

Nobu ya aina ya ampu iguse mwisho kabisa, maana hiyo inabadilisha ampu yenyewe.

Hatua ya 4: Panga kwenye karatasi kabla ya kuazima simu

Saa moja inaisha upesi ukianza kuzurura ndani ya programu ukijaribu sauti za watu. Kaa na karatasi. Mimi napendekeza nafasi nne za kumbukumbu ya ampu hivi.

Ya kwanza, sauti safi, kavu, bila efekti yoyote. Hii ndiyo ya mazoezi ya kweli, kwa sababu kila kosa la vidole linasikika. Ya pili, safi yenye riveba (mwangwi wa chumba), labda na tremolo kidogo, ya kupigia kodi na nyimbo za taratibu. Ya tatu, sauti inayoanza kupasuka unapopiga kwa nguvu. Ya nne, ya solo, yenye geini zaidi na dilei (sauti inayojirudia).

Hiyo ya tatu itunze kuliko zote. Ipange huku nobu ya sauti iliyo kwenye gitaa lenyewe ikiwa 10, yaani juu kabisa, mpaka kodi iliyopigwa kwa nguvu ipasuke vizuri. Kisha teremsha nobu ya gitaa hadi 6, bila kugusa ampu. Sauti inasafika, inabaki na joto kidogo. Rudi 8, upo katikati. Nafasi moja imekupa sauti tatu kwa kidole kidogo cha mkono wa kulia, na hakuna programu inayofanya hivyo haraka kuliko kidole chako.

Hatua ya 5: Saa moja ya kuazima

Anzia kwenye sauti iliyo karibu na unayoitaka, usijenge kutoka sifuri. Tumia muda kwenye yale ambayo uso wa ampu hauyafikii: kubadilisha kabati la spika linaloigizwa, kuweka kikompresa (kinacholinganisha sauti kubwa na ndogo), na kuwasha kile kinachokata mvumo wa umeme mkono ukitulia. Besi na trebo utazirekebisha mwenyewe baadaye kama ampu yako ina nobu zake.

Pangia kwa gitaa lako na kwa ukubwa wa sauti unaopigia kila siku. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio husikia besi na sauti za juu hafifu zaidi kadiri ukubwa wa sauti unavyopungua. Ukipangia kwa sauti kubwa mchana, usiku ukiteremsha utaona ampu imekonda.

Kisha hifadhi ndani ya ampu, si ndani ya programu. Hili wengi hulikosa: wanabonyeza kuhifadhi, sauti inabaki kwenye simu, simu inaondoka nayo. Ikifika ndani ya ampu, izime, chomoa umeme, subiri kidogo, washa, ita nafasi zote nne. Zikirudi sawasawa, mrudishie mwenye simu, na umwombe afunge programu.

Hatua ya 6: Andika

Chora nobu kama uso wa saa na uandike kila moja inaelekea namba gani. Nikisema geini ipo 10, ni namba 10 iliyoandikwa kwenye saa ya ukutani. Si saa kumi tunayoitaja kwa mdomo. Bila kukubaliana hapo, mwanafunzi na mwalimu watapishana kwa nusu duara.

Karatasi hii nimeijua thamani yake kwa kuikosa. Kuhifadhi sauti kutoka usoni, kwenye ampu nyingi, ni kukishikilia kitufe cha nafasi mpaka taa imulike. Siku moja nilikuwa naita sauti yangu ya tatu huku nikiongea na mwanafunzi, kidole kikakaa juu ya kitufe. Taa ikamulika mara mbili tatu. Sauti niliyokuwa nimeitunza miezi mingi ikafutwa, ikaandikwa ile iliyokuwa inalia wakati huo. Sikuwa nimeandika chochote. Niliipata karibu yake, lakini ile ile haikurudi. Bonyeza, achia. Usishikilie.

Hatua ya 7: Muziki wa kupiga nao

Simu ya vitufe yenye kadi ya kumbukumbu inatosha. Kama ina Bluetooth, ampu nyingi zitaipokea kama spika ya kawaida. Kama ina tundu la hedifoni, tumia waya wa milimita 3.5 hadi tundu la muziki la ampu, kama ampu inalo, waya hausumbui. Kompyuta nayo inafaa, na Audacity, ambayo ni ya bure, inapunguza kasi ya wimbo bila kushusha ufunguo wake. Punguza hadi asilimia 70, jifunze kipande, panda taratibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Nina kompyuta tu. Nikiweka programu ya kuigiza simu ya Android ndani yake, itaiona ampu?

Marahaba. Usitegemee. Programu hizo nyingi zinaigiza skrini na mafaili, lakini haziipi hiyo simu ya kuigizwa Bluetooth ya kompyuta. Utaifungua programu ya ampu vizuri, itatafuta, haitaona kitu. Na usidanganyike kompyuta ikikuambia imeungana na ampu: hapo imeungana kwa njia ya muziki, kama na spika. Maagizo ya kubadilisha sauti mara nyingi yanapita njia nyingine, Bluetooth ya nishati ndogo, na inahitaji programu inayojua lugha ya ampu hiyo.

Kabla ya kuhangaika, angalia kama mtengenezaji ametoa programu ya kompyuta. Yamaha wana THR Remote ya Windows na Mac kwa waya wa USB. Boss wana Tone Studio kwa Katana MkII, na Fender wana Tone LT Desktop kwa Mustang LT25. Ukiwa na moja ya hizo, huhitaji simu ya mtu. Ila waya uwe wa data. Nyaya nyingi zilizokuja na taa au redio ni za kuchaji tu, hazina zile nyuzi mbili za kupitisha data. Kompyuta itakaa kimya na wewe utailaumu ampu.

Kaka, yangu ni ile ndogo isiyo na nobu za besi na trebo. Simu ya kuazima sipati. Nifanyeje?

Weka pedali ya ekwalaiza kati ya gitaa na ampu. Chagua sauti safi kuliko zote kwenye ampu, uifanye msingi, halafu besi, midi na trebo zitoke kwenye pedali. Ukiongeza pedali ya ovadraivu, umepata na geini. Kama pedali haipo, una nobu ya toni kwenye gitaa, una swichi ya pikapu (sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi), na una mkono: piga karibu na daraja sauti inachongoka, piga karibu na shingo inakuwa nene. Jaribu hayo matatu kwa sauti ile ile kabla ya kusema ampu haina toni.

Mwanangu ana miaka kumi. Nimempangia sauti kwa simu yangu, lakini akiwa anapiga chumbani, sauti inabadilika yenyewe. Ampu imeharibika?

Hapana dada. Angalia simu yako kwanza. Kama programu imebaki wazi na ipo ndani ya umbali wa Bluetooth, bado inaishika ampu, na ukiigusa huku, kule kunabadilika. Ifunge kabisa, kisha kwenye mipangilio ya Bluetooth iambie simu iisahau ampu hiyo. Ikiendelea hata hapo, angalia kama mtoto hagusi nobu. Rejea Hatua ya 3.

Hedifoni zangu ni za Bluetooth. Zinafaa?

Kwa kupiga gitaa, hapana. Unapiga uzi, unausikia umechelewa, na mkono unaanza kuusubiri. Tumia za waya, kwenye tundu la ampu.

Mtengenezaji akiifuta programu, sauti zangu zitapotea?

Zilizohifadhiwa ndani ya ampu hazipotei, kama zisivyopotea ukizima umeme. Utakachopoteza ni njia ya kuingiza mpya kutoka kwenye simu. Ndiyo maana nasisitiza ujaze nafasi zote mapema, na karatasi uiweke ndani ya begi la gitaa.

Mwalimu, nimeshika kishikwambi cha zamani cha Android. Programu imefunguka lakini haioni ampu, na Bluetooth imewashwa.

Washa na huduma ya mahali. Kuanzia Android 6 hadi 11, mfumo unataka ruhusa ya mahali ndipo programu iruhusiwe kutafuta vifaa vya Bluetooth ya nishati ndogo. Kuanzia Android 12 kuna ruhusa yake ya vifaa vilivyo karibu. Pia usiiunganishe ampu kupitia mipangilio ya kishikwambi. Fungua programu, uiache itafute yenyewe. Kikiona, anza na nafasi ya tatu.