Mpangaji kijana: anza kutunza ushahidi siku unayopewa funguo

Sheria za upangaji hutofautiana nchi hadi nchi, lakini mgogoro ukifika mbele ya msuluhishi au hakimu, swali la kwanza ni lilelile: una maandishi gani?

Kabla ya kusaini, soma mkataba mzima. Angalia kodi na tarehe ya kuilipa, masharti ya kurudishiwa amana (pesa ya dhamana unayomwachia mwenye nyumba unapohamia), nani anatengeneza nini, na muda wa notisi kwa kila upande. Ukiahidiwa kwa mdomo kwamba choo kitatengenezwa, iandikeni ahadi hiyo kwenye mkataba na msaini wote wawili. Mkipanga watatu kwa mkataba mmoja, ulizeni kama kila mmoja anawajibika kwa kodi yote. Mara nyingi ndivyo ilivyo: mwenzenu akiondoka, deni lake linawaangukia mliobaki.

Amana ndiyo inayowaliza wengi, na hulindwa siku ya kuhamia. Kabla hujaingiza hata godoro, piga picha kuta, dari, sakafu, madirisha na vitasa. Fungua kila bomba, vuta maji chooni, washa kila swichi huku ukirekodi video, na uonyeshe namba ya mita na usomaji wake. Picha ya ufa ya karibu pekee haitoshi, kwani ufa huo unaweza kuwa wa ukuta wowote. Tanguliza ya mbali inayoonyesha chumba. Zitume kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo, maana ujumbe alioupokea ni vigumu kuukana. Ukihama, rudia picha zilezile. Rangi iliyofifia kwa jua ni uchakavu wa kawaida, na kwa kawaida haikatwi kwenye amana. Kioo ulichovunja utakilipia.

Kodi ukilipa taslimu, dai risiti yenye kiasi, mwezi, chumba na saini.

Kitu kikiharibika, unaweza kupiga simu, ila fuatisha ujumbe:

“Habari za leo. Paa la chumba cha nyuma linavuja tangu Jumatatu na maji yanafika kwenye soketi. Naomba fundi afike kabla ya Ijumaa. Picha hizi hapa.”

Mwenye nyumba akikaa kimya, usikimbilie kuzuia kodi. Sehemu nyingi hatua hiyo inakugeuza wewe kuwa mdaiwa na kumpa sababu halali ya kukuondoa, hata kama paa bado linavuja. Zuia tu pale sheria inaporuhusu, na kwa utaratibu wake.

Ukipewa notisi, linganisha tarehe zake na mkataba, na ujibu kwa maandishi kabla muda haujaisha. Notisi peke yake si amri ya mahakama. Nchi nyingi zinamkataza mwenye nyumba kubadilisha kitasa, kutupa vyombo nje au kukata maji ili uondoke. Akifanya hivyo, rekodi, tafuta shahidi, ripoti polisi uandikiwe namba ya taarifa, kisha nenda kituo cha msaada wa kisheria ukiwa na mkataba, risiti na ujumbe wote uliochapishwa kwa mpangilio wa tarehe.